Uchovu wa Toroli Una Kipimo Chake



Wengi katika jamaa zetu hapa Maskati huchuma riziki yao kwa kusukuma toroli: masanduku ya mboga sokoni, shuka hotelini, wagonjwa hospitalini. Jioni hurejea wakiugulia viuno na mabega, na wakiulizwa hujibu, "Ni uchovu tu." Sisi tuliotoka katika miji ya hamali na mkokoteni, Zanzibar na Mombasa, tumezoea kuusifu ubavu kuliko kuuhifadhi. Lakini uchovu una kipimo, na asiyekijua hana la kumwambia msimamizi wake.

Kwanza tufahamu kuwa kinachomchosha mwenye toroli ni nguvu ya kulisukuma, wala si uzito wa mzigo peke yake. Toroli la kilo 400, lenye magurudumu mazima juu ya sakafu laini na tambarare, hutaka msukumo wa kama kilo 8. Likipandishwa mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 12, hutaka zaidi ya kilo 30. Gurudumu bovu au mchanga huzidisha.

Nguvu hiyo yaweza kupimwa kwa mizani ya ndoano, kama ile ya muuza samaki. Itieni ndoano katika mpini wa toroli lililopakiwa, mvute taratibu sambamba na sakafu, kisha msome mara mbili: toroli linapoanza kwenda, na linapokuwa katika mwendo. Mwongozo wa usalama kazini wa Uingereza hutaja kilo 20 za kuanza na 10 za kuendelea kwa mwanamume, na kilo 15 na 7 kwa mwanamke. Zikizidi hapo, kazi hiyo ichunguzwe.

Mwili nao tuusikilize. Gunnar Borg, mtaalamu wa Uswidi, alitunga ngazi ya kuanzia 6, mtu asipohisi jitihada yoyote, hadi 20, anapofika ukomo wake. Kwa mtu mzima mwenye afya, namba anayoitaja ikizidishwa kwa 10 hukaribia mapigo ya moyo wake kwa dakika. Joto huyapandisha mapigo hayo, hata kama mzigo ni ule ule. Ndiyo maana sheria ya Omani hukataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, mwezi wa Juni hadi Agosti.

Basi tuandike: siku, njia, mzigo, kilo za mizani, namba ya uchovu. Kwa karatasi hiyo twaweza kuomba kwa adabu magurudumu yatengenezwe, mzigo ugawanywe, au mwenzi aongezwe mlimani. Nasi tusukume badala ya kuvuta, mikono ikiwa kati ya kiuno na bega.

Haba na haba hujaza kibaba, na maumivu nayo hujaa vivyo hivyo. Tuyapime kabla hayajafurika.