Jamaa akikamatwa: hakikisha wakili ni wakili kweli

Simu ikija usiku kwamba kijana wako amekamatwa, hutakosa mtu wa kukwambia, "Nina wakili, tuma pesa." Ngoja kwanza. Oktoba 2023, tawi la Nairobi la Chama cha Mawakili wa Kenya (LSK) lilitangaza kwamba mtu aliyejulikana jijini kama wakili hakuwa wakili wa Mahakama Kuu. Ikiwa Nairobi ilikuwa hivyo, sisi wa vijijini je?

Uliza jina lake kamili, ulitafute kwenye tovuti ya LSK. Leseni ya wakili hufanywa upya kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka juzi haitoshi. Muulize pia kama hushughulikia kesi za jinai; hodari wa kesi za mashamba huenda asifae hapa.

Wakati huo kijana ana haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiishia wikendi, basi siku ya korti inayofuata. Asiye na uwezo aombe msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti.