SHABA NA AHADI YAKE



Sisi tunaotoa shaba katika udongo tunajua uzito wake. Je, tunasoma pia neno linaloandikwa juu yake inapogeuzwa kuwa feza? Tutazame jamhuri ya Venezia, mji wa Italia uliotawala visiwa na pwani za mbali kwa nguvu ya meli zake, mpaka ilipokwisha mwaka 1797.

Venezia iliwapigia watu wa makoloni yake feza za shaba, za bei ndogo. Upande mmoja alikaa simba wa Mtakatifu Marko, alama ya wenye kutawala. Upande wa pili lilikaa jina la inchi: «Dalmatia na Albania», ama «Visiwa na Jeshi la Meli». Feza yenyewe ilisema ni ya kutembea fasi gani.

Mwaka 1570 Waturuki walishuka Kupro, kisiwa ambacho Venezia ilikitawala tangu 1489. Mji wa Nikosia ulianguka mwezi wa Septemba. Mji wa Famagusta ulizungukwa, na mkubwa wake, Marcantonio Bragadin, alikuwa na askari wa kulipa lakini feza ilipunguka. Basi ikapigwa feza ya shaba iliyoitwa bisante. Maandiko yake ya Kilatini yalisema ni kwa ulinzi wa ufalme wa Kupro, tena kwamba uaminifu wa Wavenezia hauvunjiki.

Hapa tufikiri vizuri. Bei ya bisante haikuwa shaba yake, ilikuwa ahadi. Aliyeuza mkate na kupokea bisante alipokea neno la serikali iliyokaa ng'ambo ya bahari.

Famagusta ilijitoa Agosti 1571, na Bragadin alichunwa ngozi akiwa hai. Hatusemi alidanganya watu: alikufa juu ya neno lile. Lakini mwaka 1573 Venezia ilifanya amani na Waturuki, ikakiacha kisiwa. Watu wa Kupro hawakuwa na kiti katika baraza lililokubali mapatano yale. Neno «hauvunjiki» likabaki mikononi mwao, na mwenye deni amekwenda zake.

Ndugu, ahadi iliyoandikwa juu ya shaba ni ahadi tu. Anayeipokea anapaswa kuwa na kiti fasi ile inapofanywa hesabu.