Redio Kuukuu Si Chuma cha Kuuzwa kwa Kilo

Najua kichwa cha makala haya kimewachekesha baadhi yenu. Wengi wetu tukisikia neno redio tunafikiria ile iliyo ndani ya simu, au ile inayotupigia kelele ndani ya matatu za 46 asubuhi tukija shuleni. Mimi leo nataka kuzitetea zile nyingine: za valvu, za transista, na zaidi zile za kuzungumziana ambazo Wamarekani waliziita CB, yaani redio ya raia. Maoni yangu nayatoa waziwazi. Shule isiviuze vyombo vya zamani vilivyofungiwa katika stoo ya maabara. Itupatie sisi wanafunzi tuvitengeneze.

Nasema hivi manake muhula huu ilitangazwa gwarideni kwamba lile kabati la chuma litafunguliwa na kila kilichomo kitachukuliwa na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Wengine walipiga makofi. Mimi nimewahi kuchungulia ndani tulipokuwa tukipanga meza za jaribio. Mna redio mbili kubwa za masafa mafupi, amplifaya moja ya valvu, gramafoni, na nyaya chungu nzima. Redio hizo hazikununuliwa kwa mapambo. Zamani Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitayarisha vipindi vya masomo vikarushwa hewani na Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 inaitwa tena KBC, na madarasa yalikaa kimya kusikiliza. Kwa mnunuzi, historia hiyo yote ni kilo kadhaa za bati. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi michache kwa sababu watu walikuwa wakikata nguzo za umeme. Mimi ningeomba marufuku ndogo tu, ya kabati moja.

Sasa hii CB ni kitu gani? Ni sanduku dogo, lenye ukubwa wa kamusi, lililotengenezwa kufungwa ndani ya gari. Unabonyeza kitufe kwenye kipaza sauti, unasema, unaachilia, unasikiliza. Huko Marekani raia waliruhusiwa kutumia masafa ya megahezi 27 mwaka 1958, wakapewa njia 23, na nguvu ya wati 4 tu ambayo haifiki hata balbu ya kawaida. Kwa miaka mingi watu hawakujali sana. Halafu likaja tatizo la mafuta la 1973, petroli ikaadimika, mwendo barabarani ukapunguzwa, na madereva wa malori wakaanza kuambiana kwa CB ni wapi kuna mafuta na ni wapi polisi wamejificha. Wenzetu wa hapa hufanya hivyo hivyo kwa taa: dereva wa matatu akikumulika mara mbili pale Waiyaki Way, unajua mbele kuna nini. Tarehe 1 Januari 1977 njia zikaongezwa hadi 40, na yale masanduku ya njia 23 yakawa ya kizamani kwa siku moja tu. Waingereza wao walichelewa mpaka Novemba 1981 ndipo wakahalalisha.

La kwangu ni la njia 23. Nilinunua kwa shilingi 600 kwa muuza vipuri mmoja karibu na barabara ya Kirinyaga, likiwa katikati ya karburita na taa za nyuma, na yeye mwenyewe hakujua ni nini. Alisema ni "redio ya gari iliyokataa kushika stesheni". Halikuwa na kipaza sauti, halikuwa na fyuzi, na vumbi lake lilikuwa la kupandia viazi.

Nililipeleka kwa mzee fulani anayetengeneza redio Kawangware, karibu na stejini. Kibanda chake ni cha mabati, meza ni moja, lakini humo ndani kuna elimu ambayo mimi sijaiona kwenye kitabu chochote cha fizikia. Hakuligusa sanduku langu hata kidogo. Alinipa bisibisi, akasema, "Fungua mwenyewe, kijana, umeme haujui uko kidato cha ngapi." Kitu cha kwanza tulichokuta ni dayodi iliyoungua. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameunganisha betri kinyume, chanya kwa hasi, na ile dayodi ikajitoa mhanga ili vingine vyote vipone. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtu aliyelichora sanduku hilo zaidi ya miaka 40 iliyopita alikuwa amefikiria kwamba siku moja fulani atafanya haraka gizani, akamwekea kinga.

Tulipobadilisha, taa iliwaka lakini hakukuwa na sauti. Mimi nilidhani spika imekufa. Mzee akacheka. Ati katika CB nyingi za zamani, waya wa spika unapitia kwenye soketi ya kipaza sauti, ili ukibonyeza kusema spika inyamaze. Bila kipaza sauti, spika imekatika. Tuliunganisha pini mbili kwa kipande cha waya kisichozidi kidole, na sanduku likaanza kunguruma kama mashine ya posho. Mngurumo huo nao una maana yake: kapasita za kuchuja umeme zimekauka. Ndani yake mna kemikali ya majimaji ambayo miaka ikipita hukauka, hata kama redio ilikuwa imelala tu kabatini. Nilishuka Luthuli Avenue siku ya Jumamosi nikanunua mpya, moja bei ya mandazi mawili. Kitufe cha sauti kilichokuwa kikikwaruza tulikisafisha kwa spiriti na brashi ya meno. Basi. Kazi nzima ilichukua Jumamosi tatu, na sehemu kubwa ya muda ilikuwa ni kukwangua, kupuliza, na kutazama kwa makini kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Nauliza: ni jaribio gani la maabara limewahi kukushughulisha Jumamosi tatu bila mwalimu kukusukuma?

Shida kubwa iliyobaki ilikuwa erio. Hapa ndipo hesabu ya darasani ilipata kazi. Wimbi husafiri mita milioni 300 kwa sekunde. Gawanya kwa milioni 27 utapata mita 11 na kidogo, na robo yake ni karibu mita 2 na robo tatu. Landilodi hakutaka kusikia habari ya mlingoti juu ya mabati yake, kwa hivyo niliufunga waya wa shaba sambamba na kamba ya kuanikia nguo. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba mtoto wake anaiba stima. Mwingine alisema mambo mabaya zaidi, siyaandiki hapa.

Siku nyingi haisikiki lolote ila upepo. Lakini jua lina majira yake ya takriban miaka 11, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba limefika kipindi cha kilele, yaani madoa mengi. Jua likichacha hivyo, tabaka la juu la hewa linarudisha mawimbi ya megahezi 27 chini badala ya kuyaacha yapotee angani, na wati 4 zinaweza kuvuka bahari. Alasiri moja nilisikia mtu akiongea lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeijua, hata baba ambaye amefanya kazi na wageni wengi. Alikuwa akicheka. Nilimsikia kwa dakika nne hivi kisha akafifia kama mtu anayeshuka ngazi. Hakukuwa na bando, hakukuwa na kampuni katikati, wala mtu yeyote wa kunikatia. Ni yeye, jua, na kamba ya nguo.

Najua watakaonipinga, na wengine ni marafiki zangu wa mabenchi ya nyuma. Watasema simu inafanya yote hayo na zaidi. Ni kweli, mimi pia nikitaka kumwambia mama nimechelewa natumia simu, sitatundika waya. Lakini hebu jaribu kuifungua hiyo simu yako. Imegundishwa kwa gundi, na vipande vyake ni vidogo kuliko mbegu ya sukumawiki. Ikifa, unabadilishiwa kioo au unaambiwa ununue nyingine. Runinga za zamani nazo, mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka 2015, ziligeuka kuwa meza za kuwekea maua mpaka ununue kisanduku. Redio ya miaka ya 1970 ukiifungua, kila kitu kinaonekana kwa macho: hapa umeme unaingia, hapa unachujwa, hapa sauti inakuzwa. Kwa sisi ambao baba zetu hawawezi kutununulia kompyuta za kufanyia mazoezi, mimi naona hicho ndicho kitabu rahisi kuliko vyote.

Kuna pia wanaosema huu ni mchezo wa Wazungu. Kwa upande mmoja wana haki. Utangazaji wa kwanza nchini, mwaka 1928, ulikusudiwa masetla, na enzi hizo watu wa redio za burudani hapa waliitana kwa majina yanayoanza na VQ4. Baada ya uhuru herufi zikabadilika zikawa 5Z4. Herufi zilibadilika, lakini wanafunzi wa Kangemi na Dagoretti hawakuitwa. Sioni kwa nini tuendelee kungoja kuitwa.

Jambo la sheria nalisema kwa uzito, hasa kwa walimu. Kusikiliza ni jambo moja na kurusha ni jingine. Kurusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, na mimi sirushi. Sanduku langu mpaka leo halina kipaza sauti, lina kile kipande cha waya tu. Lakini ofisi za Mamlaka ziko hapo Westlands, kwenye Waiyaki Way, matatu zetu zinapita mlangoni kila siku. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wanaweza kwenda kuuliza ni masharti gani yanayohitajika ili shule iwe na kituo chake halali. Kuuliza hakulipishwi.

Na kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, lazima niseme neno kuhusu lugha. Babu zetu walipokiona chombo hiki hawakuhangaika, walikiita simu ya upepo, na mimi sijasikia jina zuri zaidi. Kwenye simu ya upepo watu wawili hawawezi kusema pamoja. Ukibonyeza, masikio yako yamezibwa. Ni lazima umalize, useme umemaliza, uachilie, ndipo umsikie mwenzako. Wasikilizeni walinzi wa usiku mtaani: "Unanipata? Nakupata, sema." Maneno machache, yamepimwa, hakuna anayemkatiza mwenzake. Linganisheni na mijadala yetu ya Alhamisi, ambapo watu sita husimama kwa mpigo na katibu hajui aandike nini.

Halafu isidhaniwe kuwa hizi ni anasa tu. Madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, walijenga mtandao wa redio katika miaka ya 1960, na hospitali za mbali ambako hakuna simu zilikuwa zikiita Wilson kwa sauti ya kukwaruza hivi hivi, na ndege ikaruka. Sisi wenyewe tumeona. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kufikia kesho yake simu nyingi kwetu zilikuwa zimekufa chaji. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikawa inatambaa kama konokono. Redio ya transista yenye betri nne, au sanduku lililounganishwa na betri ya gari, haikujua kwamba kuna tatizo.

Ninachoomba ni kidogo. Rafu mbili katika stoo ya fizikia. Meza moja Ijumaa baada ya michezo. Mwalimu mmoja wa kukaa nasi, kwa sababu ile amplifaya ya valvu inatumia umeme wa ukutani na kapasita zake zinaweza kushika volti za kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Hiyo hatutaigusa peke yetu. Chuma cha kulehemu ninacho. Mzee wa Kawangware amekubali kuja mara moja kwa mwezi, na alichoitisha ni nauli na chai.

Wenzangu, mwenye redio iliyokufa nyumbani, hata kama panya wamezaa ndani, ailete. Mwenye betri ya zamani ya gari ambayo bado inashika chaji, pia. Mnipate Kidato cha Tatu, dirisha la mwisho, kabla ya wiki ya mitihani, kwa maana mnunuzi wa vyuma anakuja Jumanne inayofuata.