Lebo Haionjwi: Nunua Mpira Kwanza

Hii ni kwa wajasiriamali wenzangu, hasa nyie mnaotengeneza mvinyo kwa mtaji mdogo, uwe wa zabibu, wa ndizi au wa rozela.

Leo naongelea kitu kinachodharauliwa: mpira wa kuhamishia mvinyo. Msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtabisha: kama hela ni kidogo, nunua mpira mzuri kabla ya lebo nzuri.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Niko Dodoma, huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, ukiharibu msimu mmoja unakaa miezi unasubiri mwingine. Msimu ule nilikuwa na lita 200 za mvinyo mwekundu. Chupa nilishalipia, vizibo nilishalipia, lebo zenye maandishi ya dhahabu ndiyo usiseme. Mpira je? Nikachukua ule wa kijani wa kumwagilia bustani, nikausuuza, nikahamisha mvinyo pipa hadi pipa. Baadaye mteja wangu wa hoteli akaonja, akaweka glasi chini. "Dada, mbona inanuka plastiki?" Lita 200 ni chupa zaidi ya 260. Nilimwaga zote, na yule mteja hajarudi mpaka leo. Bei ya mita tano za mpira wa chakula isingefika hata bei ya katoni mbili za mvinyo huo.

Kosa liko wapi? Mpira wa bustani umelainishwa kwa kemikali, na haukutengenezwa kwa ajili ya chakula. Pombe inazivuta kemikali hizo kuliko maji, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyovuta zaidi. Kwa hiyo hata mpira unaofaa kwa mvinyo usiupeleke kwenye pombe kali bila kuuliza. Halafu zile koki za njano za mpira wa bustani, nyingine zina madini ya risasi ndani yake.

Kuna watakaosema, "Mbona bibi zetu walitumia kibuyu na hatukuugua?" Sawa, lakini kibuyu hakina kemikali za plastiki. Na pombe ya bibi ilinywewa ikaisha mapema. Wewe unafunga kizibo, chupa inakaa dukani miezi. Kosa dogo la leo linapata muda wa kukua.

UKIENDA KUNUNUA
1. Tafuta alama ya glasi na uma, au maandishi "food grade" kwenye mpira wenyewe. Maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi.
2. Chagua unaoonyesha ndani, uone uchafu kwa macho yako.
3. Kama una pampu, mpira wa upande wa kuvuta uwe na waya uliozungushwa ndani ya ukuta wake. Usipokuwa nao utajibana na mvinyo hautapita.
4. Uliza unastahimili joto kiasi gani. Mingi ya plastiki inalegea ukiipitishia maji ya moto sana.

UKISHAUPATA
1. Suuza saa ileile unapomaliza kazi. Mabaki ya sukari ni chakula cha vijidudu, wakiwemo wanaogeuza mvinyo kuwa siki.
2. Ukigusa ndani ukakuta utelezi, dawa peke yake haitoshi. Pitisha kipande cha sponji safi kwanza, osha, ndipo utie dawa.
3. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe usiiguse. Ikikutana na ukungu inaweza kuzaa harufu ya uvundo, na harufu hiyo ikiingia kwenye mvinyo haitoki. Wengi wetu tunatumia metabisulfaiti ya potasiamu. Fanyia kazi hiyo penye hewa, maana mvuke wake unabana kifua, na mwenye pumu akae mbali.
4. Ning'iniza ncha zote mbili zikiangalia chini, maji yaishe. Ukiukunja sakafuni na maji ndani, umefuga vijidudu.
5. Kila kabla ya kazi, nusa ncha. Kagua nyufa, sehemu zinazonata na klipu zilizolegea. Harufu ikibaki hata baada ya kuosha, mpira huo umestaafu.

Najua lebo inauza. Lakini lebo inauza chupa ya kwanza tu, ya pili inauzwa na ladha. Mteja hatakuuliza umetumia mpira gani. Ataonja, na asipopenda atanyamaza na kwenda kwa mwingine.

Sasa hivi kwangu sheria ni moja: mpira wa mvinyo ukizeeka unahamia bustanini. Wa bustanini hauhamii kwenye mvinyo, hata siku moja.

Wewe unatumia mpira gani? Tuambiane hapo chini, na mtumie mwenzako anayejiandaa kwa msimu.