Kabla Hujavaa Maski, Uliza Kronografu Iko Wapi

Wasee, nitasema hii bila kuzunguka. Uwanja wa peintiboli ambao hauwezi kukuonyesha kronografu yake, ikiwa imewashwa, mbele ya macho yako, haufai kupewa pesa yako. Sijali picha zao ni safi aje. Sijali kuna choma na DJ baada ya mechi. Kama hawapimi kasi ya bunduki wanazokupea, wanabahatisha na jicho lako.

Kronografu ni nini? Ni kifaa cha kupima risasi, mshale au kidonge cha rangi kinatoka kwa mtutu na kasi gani. Hiyo tu. Haifanyi kitu kingine. Lakini hicho kitu kimoja ndicho kinatenganisha mchezo na madhara.

Najua mtu tayari anasema, "Aah, wacha drama, si ni rangi tu?" Sawa, tupige hesabu. Kidonge cha kawaida kina uzito wa kama gramu 3. Kikomo ambacho viwanja vingi duniani vinafuata ni futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91 kwa sekunde, na vingi vinashusha bunduki za kukodisha hadi 280 au chini. Kwa futi 300, kidonge kinabeba nishati ya juli 12 na nusu hivi. Ongeza kasi ifike 350. Kasi imepanda kwa asilimia 17, lakini nishati imefika juli 17, yaani imepanda kwa asilimia 36. Kwa 400, ni juli 22. Kasi ikipanda kidogo, kipigo kinapanda sana, kwa sababu kwenye hesabu ya nishati kasi inazidishwa kwa yenyewe. Fizikia haijali kama ni bathdei yako.

Na hizi bunduki hazikuzaliwa kama vitu vya watoto. Mchezo ulianza New Hampshire, Marekani, mwaka 1981, na bunduki ambazo kazi yake ilikuwa kuweka alama kwenye miti na ng'ombe. Kasi yake inarekebishwa kwa skrubu. Mtu akiwa na ufunguo mdogo wa kufungulia hiyo skrubu, ndani ya sekunde chache amekubadilishia mchezo na hujui. Kwa macho huwezi kuona. Kwa sikio pia huwezi, hata yule refa wa kujigamba ati "mimi nikiisikia tu najua". Hajui. Anakisia.

Kukisia ndio ilikuwa shida ya wapiga mizinga wa zamani. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu akieleza njia ya kutoka hapo: ning'iniza gogo la mbao, lipige risasi, pima limebembea umbali gani, kisha piga hesabu urudi kwenye kasi. Gogo na kamba! Zaidi ya miaka 280 baadaye, sisi na simu zetu za bei mbaya, bado tuna viwanja ambapo jibu ni "hizi ziko sawa, zilisetiwa kiwandani". Hilo jibu nimepewa mimi mwenyewe, na aliyenipa alikuwa ameshika bunduki.

Sasa tuje kwa vifaa, kwa sababu hapa ndipo wapenda vifaa wa mtandaoni wanatupotosha. Wanavipanga kwa bei na muonekano, wanapiga risasi tano, wanamtangaza mshindi. Swali lao ni "ipi kali?" Swali letu linafaa kuwa "ipi inafaa kazi hii?"

Ya kwanza ni ya mwanga. Ina macho mawili yaliyoachana kama sentimita 30. Kidonge kikipita juu ya la kwanza saa inaanza, kikipita la pili saa inasimama. Kwa futi 300, safari hiyo yote inachukua kama milisekunde 3.3. Uzuri wake ni bei: za kawaida zinapatikana kwa kama dola 100. Ubaya wake ni kwamba inategemea mwanga. Jua la saa sita likichoma moja kwa moja, inaweza kukosa kuona kitu. Ukiiweka ndani, taa za stima zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama macho yako hayaoni, na hiyo inaweza kuichanganya. Weka kivuli juu yake, tumia taa yake yenyewe, na itakufaa.

Ya pili ni ya sumaku, kama MagnetoSpeed, inayofungwa kwa mtutu. Walengaji shabaha wa bunduki za kweli wanaipenda. Kwetu haina kazi, kwa sababu inahisi chuma, shaba au risasi zikipita, na kidonge chetu hakina metali yoyote. Kwa hivyo ukiona mtu anaisifu kama kronografu ya kila kitu, jua hajaijaribu kwa kila kitu.

Ya tatu ni rada. Unajua vile honi ya mathree inabadilika sauti ikikupita kwa barabara? Hiyo ndiyo kanuni ya Doppler, na ndiyo ile ile ya mashine za polisi za kunasa madereva wa mbio. Rada inatuma mawimbi, yanagonga kidonge, yanarudi yamebadilika, na hayo mabadiliko ndiyo kasi. Garmin walitoa yao, Xero C1 Pro, mwaka 2023 kwa kama dola 600, na wapenda vifaa wakachizi. Ni kitu kizuri, haina shida ya kivuli wala taa. Lakini uwanja hauhitaji kifaa cha dola 600 ndio uwe salama.

Ya nne ni programu za simu zinazosikiliza mlio wa bunduki na mlio wa kidonge kikigonga ubao, halafu zinagawanya umbali kwa muda. Zinavutia, lakini zinakupa wastani wa safari nzima, na kidonge kinapoteza kasi haraka hewani. Na ukiwa kwa uwanja wenye watu ishirini wanafyatua na kupiga nduru, simu itasikiliza nani?

Sasa shika hii point, kwa sababu sijaona wakiisema. Ukipiga kidonge kwa mshazari juu ya kronografu ya mwanga, kinasafiri njia ndefu kidogo kati ya macho mawili, na namba inatoka chini ya ukweli. Ukielekeza rada pembeni badala ya kuilinganisha na mtutu, nayo inasoma chini. Programu ya simu pia inasoma chini ya kasi ya mtutuni. Umeona? Kifaa kikitumiwa vibaya, mara nyingi kosa linakupa namba ya kupendeza. Ndiyo maana refa mwenye akili hasimamishi bunduki kwa 299 akasema "tuko chini ya 300". Anaiweka 280 au chini, ibaki nafasi ya makosa.

Na wastani? Tafadhali. Bunduki inayopiga 265, 270, 275, 280 na 315 ina wastani wa 281. Kwenye karatasi iko poa. Lakini jicho halipigwi na wastani, linapigwa na kile kidonge cha 315. Anayelenga shabaha anajali risasi zake zifanane. Mwenye uwanja anafaa kujali iliyo juu kuliko zote. Moja ikipita kikomo, hiyo bunduki irudi mezani.

Halafu kuna wale wa "tulipima asubuhi". Bunduki nyingi zinatumia gesi ya kaboni dioksidi, na presha yake inafuata joto. Kwa nyuzi 20 chupa iko kwa kama baa 57. Kwa nyuzi 30 ni kama baa 72. Sasa fikiria Nairobi ya mwezi wa saba: asubuhi umevaa jaketi na unapuliza mikono, saa nane jua limetoka na chupa imelala juani. Hiyo si bunduki uliyopima. Inaweza kuwa imepanda bila mtu kugusa skrubu. Pima asubuhi, pima tena mchana, pima kila chupa ikibadilishwa.

Utetezi wao naujua. "Wachezaji wana maski." Ndiyo, na maski ndiyo kitu cha kwanza, usiwahi kuivua uwanjani; majeraha mengi mabaya ya macho kwenye mchezo huu yamepata watu waliokuwa wameivua. Lakini maski haifuniki shingo. Na maski ikijaa mvuke, ni nani hajawahi kutamani kuiinua kidogo? Kronografu ni kinga ya pili, kwa siku ambayo ya kwanza imefeli.

"Ni ghali." Wacha tuseme unalipisha mtu 1,500. Watu kumi wanakuja, hiyo ni 15,000. Kronografu ya mwanga imelipika kabla ya saa sita mchana.

Lakini pia sisi wachezaji tuache unafiki. Kuna wale mabeshte wanaomwendea refa pembeni na soo mbili, "buda, nipandishie kidogo". Unataka kumuumiza nani? Mko na cousin yako upande ule mwingine. Halafu mtu akitokwa damu shingoni tunaandika "viwanja vya Kenya ni takataka". Na ile soo mbili?

Kwa hivyo mnapopanga kuenda, kabla ya kutuma hiyo pesa, piga simu uulize vitu vitatu. Kikomo chenu ni futi ngapi? Mnapima kwa kifaa gani? Mnapima lini? Mwenye kupima atajibu bila kufikiria, na pengine atafurahi umeuliza. Mwenye kubahatisha atakuambia usijali.

Akikuambia usijali, hapo ndipo pa kujali. Pelekeni pesa yenu kwingine.