Kati ya Uvimbe na Saratani

Ukingani na Ubena, kizazi cha bibi zetu kililijua rovu. Shingo ilivimba taratibu, mama akaendelea kulima viazi, akazeeka nalo. Tangu chumvi yenye madini joto ilipowekewa sheria miaka ya 1990 marovu yamepungua sana, na leo kijana wa Njombe mjini anaweza kumaliza shule asilione hata moja. Lakini sikumbuki mtu aliyeliita kansa. Ulikuwa uvimbe wenye jina lake.

Siku hizi jina limebaki moja. Uvimbe wa mafuta mgongoni: kansa. Fibroidi: kansa. Daktari akitamka "mabadiliko", mgonjwa anatoka mlangoni akiwa amesikia kansa. Toleo hili ni la kuyarudishia maneno kazi zake.

Mwili umejengwa kwa seli, na seli hugawanyika kwa kiasi: ngozi ikichubuka huongezeka, kidonda kikifunga huacha, zilizochakaa hufa. Zinapoongezeka bila kuhitajika, uvimbe hutokea. Ukibaki pale ulipoanzia bila kuvamia nyama ya jirani, si saratani, hata uwe mkubwa kama parachichi. Hiyo haina maana kwamba hauna madhara. Rovu kubwa hubana koo, na uvimbe wa kichwani unaweza kuua bila kuwa saratani. Saratani ni seli zilizovuka mpaka. Huingia kwenye nyama ya jirani, kisha husafiri kwa damu au mishipa ya limfu na kuota upya kwenye mapafu, ini au mifupa. Na saratani ya titi iliyofika kwenye ini bado ni ya titi, hutibiwa kama ya titi.

Nimewahi kusikia watu wakibishana kwamba kansa ni kali kuliko saratani. "Saratani" ni kaa kwa Kiarabu. "Kansa" imetufikia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini, na huko nako maana yake ni kaa. Wanambishania mnyama mmoja.

Pengo kubwa liko katikati, kwenye hatua ambayo midomo yetu haina neno lake. Tazama mlango wa kizazi. Virusi vya HPV vikikaa muda mrefu, seli hubadilika sura ila bado hazijavamia kitu. Kutoka hapo hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu huweza kuwa 5 hadi 10 tu. Ndiyo maana jambo hili linatugusa sisi kuliko wengine: utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Njombe ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote, na mwanamke anayeishi na VVU yumo hatarini kupata saratani hiyo takriban mara sita zaidi.

Kipimo cha kugundua mabadiliko hayo hakitishi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, palipobadilika pakageuka peupe, na mara nyingi pakatibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kuchomwa. Mama aliyetibiwa hivyo hana saratani. Anazuiwa asiipate. Lakini jirani akishamwambia "umekutwa na kansa", anaacha kurudi kliniki, na miaka ikipita tunamkuta stendi ya Makambako na tiketi ya Dar es Salaam mkononi, zaidi ya kilometa 600, akiifuata tiba ya mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road. Binti yake ana bahati zaidi: chanjo ya HPV imetolewa nchi nzima tangu 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Humu ndani tumeandika "mabadiliko ya kabla ya saratani". Ni refu, najua, na halitamkiki haraka kwenye foleni ya kliniki. Wauguzi wa Makambako na Njombe, nanyi wahudumu wa afya wa vijijini: mnamwambiaje mama aliyekutwa na peupe baada ya kupakwa siki? Iwe kwa Kibena, Kikinga au Kiswahili, tuleteeni neno hilo. Ukurasa mmoja wa toleo lijalo tumeuacha wazi.