Anacheza ligi nzima, mkataba hana

Kila Jumatatu simu yangu inaamka kabla yangu. Wapo wanaotaka niwaambie kama penalti ya jana ilikuwa halali. Wapo wanaotukana tu, hao nimeshawazoea. Lakini katikati yao hakosekani mmoja anayeanza kwa adabu. "Shikamoo kaka. Nimemaliza chuo cha uandishi wa habari, napenda sana mpira. Naomba uniunganishe popote, hata kwa kujitolea."

Hata kwa kujitolea. Maneno matatu tu, lakini yananiuma kuliko matusi yote ya Jumatatu.

Majuzi nilikutana na mmoja wa vijana wa aina hiyo pale KMC Complex, Mwenge, mechi ilipomalizika. Huyu tayari yupo ndani. Ameshika maiki yenye nembo ya redio moja ambayo sitaitaja. Sauti yake naijua, na wewe huenda unaijua. Asubuhi anasoma habari za michezo, mchana anakimbilia mazoezini kutafuta sauti za makocha, usiku anakaa kwenye kipindi cha uchambuzi hadi daladala zinakwisha.

Nikamuuliza ana muda gani pale. "Mwaka wa pili huu unaisha, kaka."

Wanakulipa kiasi gani? Akacheka. Kile kicheko cha kipa aliyefungwa dakika ya 90. "Bado nipo kwenye majaribio."

Miaka miwili ya majaribio! Hebu tuurudie mpira wetu tunaoujua. Mchezaji akija kufanya majaribio anakaa wiki moja, mbili, tuseme hata mwezi. Kocha anamtazama. Akifaa anasaini mkataba, anasajiliwa, anapewa leseni. Asipofaa anapewa nauli yake na kupeana mikono. Ila kuna kitu kimoja hakifanyiki: huwezi kumpanga mechi ya ligi wakati bado yupo kwenye majaribio. Ukimchezesha mtu ambaye hujamsajili, wapinzani wanakukatia rufaa na pointi zinaondoka. Hili hata mzee wa kijiweni asiyejua kusoma kanuni analijua.

Sasa njoo kwenye vyumba vyetu vya habari. Mchezaji wa majaribio anaanza mechi zote 30 za msimu. Anapiga kona, anakimbilia mwenyewe kuipiga kichwa. Jezi anayo, namba anayo, mashabiki wanamjua kwa jina. Mkataba hana. Na hakuna bosi anayekatwa hata pointi moja.

Sheria zipo, tusidanganyane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, kwa malipo gani. Upande wa pili ipo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, inayomtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zikataka asome angalau hadi stashahada. Kijana ameuza kiwanja cha baba yake akaipata hiyo stashahada. Ametimiza upande wake. Ile sheria ya kumbana anaulizwa kila anapofika getini. Ile ya kumlinda hakuna anayeikumbuka.

Nawajua mabosi wetu, na nawaelewa kidogo. Watasema magazeti hayauziki kama zamani. Kweli. Watasema matangazo yamehamia kwenye simu za watu. Kweli tena. Watasema vijana ni wengi mno, ukimkataa mmoja wapo 50 nje ya geti. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye tatizo. Wingi wa vijana ndio umekuwa mshahara wenyewe. Kwa nini umlipe wa leo wakati wa kesho atakuja bure?

Lakini wasituambie mpira hauna hela. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10, thamani yake Sh225.6 bilioni. Washa redio yoyote ya FM saa tatu asubuhi usikilize kipindi cha michezo. Kabla hujasikia kikosi cha Simba umeshasikia kampuni mbili za kubeti. Habari za mpira ni miongoni mwa zinazovuta wadhamini wengi. Mwaka huo huo wa 2021 Haji Manara alitoka Simba akaenda Yanga, nchi nzima ikajadili kama vile aliyehama ni straika wa mabao 20. Huo ndio uzito wa maneno kwenye soka letu. Maneno yanauza. Anayeyasema kila siku ndiye halipwi.

Shabiki atauliza, sasa mimi inanihusu nini? Mimi nataka kujua kama winga wetu mpya amepona. Ngoja nikwambie inavyokuhusu, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nililipwa kwa stori iliyotoka. Stori ikikosa nafasi ukurasani, hakuna kitu. Nauli yangu, bando langu, chakula changu. Siku moja nilikwenda mazoezini kwa timu moja, nikakuta wachezaji wamekaa chini ya mti. Wamegoma. Miezi mitatu hawajaona mshahara. Stori kubwa hiyo, ukurasa wa nyuma wote wangu. Kiongozi mmoja akanivuta pembeni, akaniita mdogo wangu, akanipa bahasha. "Ya nauli hiyo. Haya mambo tunayamaliza wenyewe."

Mfukoni nilikuwa na nauli ya kwenda tu. Ya kurudi sikuwa nayo. Nikaipokea. Kesho yake niliandika timu ipo fiti na morali ni ya juu. Jumapili wakafungwa manne. Nilikuwa jukwaani, nikamwona mzee mmoja aliyevaa jezi ya timu ile akitoka uwanjani huku anawalaumu wachezaji kwa uvivu. Alikuwa amesoma gazeti letu. Aliingia akiamini nilichoandika. Yule mzee nilimwibia kiingilio chake, na hadi leo sijui nimrudishie wapi.

Ndiyo maana inakuhusu. Mtu asiyelipwa na ofisi yake lazima alipwe na mtu mwingine, maana watoto hawali sauti nzuri. Atalipwa na wakala anayetaka kumuuza beki wa kawaida kwa bei ya fundi. Atalipwa na kiongozi anayetaka kocha afukuzwe, au na kundi linaloutaka uchaguzi wa klabu. Kisha wewe kijiweni utabishana hadi koo likauke ukitetea habari iliyoandikwa kwa bahasha. Simtetei anayepokea. Nilipokea, nikakosea. Nasema tu usishangae njaa ikiandika kama njaa.

Sasa nirudi kwa wewe unayenitumia ujumbe kila Jumatatu. Siwezi kuwajibu wote, basi someni hapa.

Kwanza, usitume cheti peke yake. Tuma kazi. Skauti hasomi barua ya straika, anatazama video. Uwanja wa Kinesi una ndondo, nenda. Tangaza mechi kwa simu yako, sikiliza, futa, rudia. Chagua dakika tatu zilizo bora. Ongeza stori mbili ulizoandika na moja uliyomhoji mtu ambaye hajahojiwa na wengine. Mhariri atajua ndani ya dakika tano kama unajua kucheza.

Pili, angalia nafasi zilizo wazi. Wote mnataka kuvaa jezi namba tisa, kukaa studio na suti mkibishana kuhusu Simba na Yanga. Pale foleni imefika barabarani. Lakini Ligi Kuu yetu ya timu 16 ina mechi 240 kwa msimu, na kila mechi ya kwenye runinga ina watu wengi usiowaona: wapiga picha, wahariri wa video, watayarishaji, wa sauti, wa takwimu. Ipo Ligi Kuu ya Wanawake, ipo Championship. Mtu anayeijua Championship timu kwa timu, mchezaji kwa mchezaji, siku timu ikipanda daraja wahariri wote watamtafuta yeye.

Tatu, jua vitu. Soma sheria 17 za soka, uzimalize. Soma kanuni za ligi. Jifunze Kifaransa, hata cha kuombea maji. Nabi wa Tunisia aliifundisha Yanga, Gamondi wa Argentina naye akaja, Fadlu Davids wa Afrika Kusini akaja Simba. Kwenye mkutano na waandishi, kijana anayeweza kumuuliza kocha swali bila kusubiri mkalimani anaonekana siku hiyo hiyo.

Nne, barua iwe fupi na iwe ya hapo unapoipeleka. Mhariri mmoja rafiki yangu alishapokea barua inayosifu kipindi cha redio ya washindani wake. Kijana alinakili akasahau kubadili jina. Hiyo ni kujifunga bao kabla ya filimbi. Taja kipindi chao, sema wewe utakiongezea nini, taja namba ya simu inayopatikana.

Tano, koneksheni. Mnaniuliza kama ipo. Ipo, nitawadanganya ili iweje? Lakini koneksheni inakufungulia geti, haikuchezei mpira. Nimeona watoto wa wakubwa wakiingia kwa kishindo na kutoka kimya kimya. Jenga ya kwako. Msaidie mpiga picha kubeba vifaa, mtumie mwandishi wa mkoani matokeo ya mechi ambayo hakufika. Watu wa kazi hii hukumbukana.

Sita, anayekuomba hela ili akupe kazi, ni tapeli. Hela ya fomu, hela ya mhariri, zote ni hadithi. Na kwa dada zangu: anayekutaka mwili ili akupe maiki anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja hilo waziwazi. Tunza ujumbe wake, nenda TAKUKURU. Najua ni rahisi kwangu kusema. Najua pia ukimya ndio umewalea hao watu.

Saba, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Usikatae majaribio, ila uliza yanaisha lini. Uliza siku ya kwanza, kwa heshima, kwa maandishi hata ya WhatsApp. "Naomba kufahamu bosi, muda wangu wa majaribio ni miezi mingapi, na nauli inakuwaje?" Miezi mitatu inatosha kabisa kumjua mchezaji. Tunza ratiba ya zamu, tunza stori zenye jina lako. Siku ya mgogoro, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi itakuuliza ushahidi, haitakuuliza ulivyotangaza dabi vizuri.

Mabosi zangu nanyi msinune. Sisemi mumpe kila anayebisha hodi mshahara wa mkurugenzi. Kijana wa wiki ya pili anayejifunza kushika maiki, mpeni nauli na chakula, mfundisheni. Lakini anayeanza kila mechi si wa majaribio. Huyo ni mchezaji wenu. Kama hafai, mwambieni leo aende akatafute maisha kwingine angali kijana. Kama anafaa, msajilini. Mnawaandika vibaya viongozi wa vilabu wasiolipa wachezaji, tena kwa herufi kubwa. Hizo stori anaziandika nani? Mara nyingi anaziandika kijana ambaye ninyi hamjamlipa.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Mwaka 2025 tulionjeshwa na CHAN, tukaona wageni walivyojaa wakitaka picha, sauti, takwimu na watu wa kuwaelekeza. Mashindano yale yatahitaji vijana wanaojua kazi. Hao tunao. Tatizo wengine watakuwa wameshachoka, wamekwenda kuendesha boda, na sauti zao nzuri tutazisikia wakiita abiria.

Yule kijana wa KMC tuliachana nikiwa nimemwambia aulize mkataba wake. Aliogopa. Alisema wakimtoa atakuwa amepoteza miaka miwili. Nikamwambia miaka miwili imeshapotea, anachoulizia ni wa tatu.

Juzi usiku akanitumia ujumbe. "Kaka, nimeuliza. Wamesema nisubiri msimu uishe kwanza."

Nikamuuliza, msimu upi?

Hakujibu. Alikuwa hewani, anatangaza mpira.